Bokoboko la Mchele

Wahenga walisema mchele ni mmoja, mapishi ndiyo mbalimbali. Kauli hii aghalabu hutumika panapozungumzwa tofauti za watu, za nyumba hii na nyumba ile, za mji huu na mji ule. Lakini yako mapishi ambayo tofauti yake haikutokana na ladha, wala na hiari ya mpishi. Ilitokana na kitu kilichokosekana siku fulani katika nyumba fulani, naye mpishi akatia kile alichokuwa nacho. Siku zikapita, kilichokosekana kikapatikana tele, lakini mkono ukabaki na mazoea yake. Watoto waliozaliwa baadaye wakala, wakapenda, wakaamini kuwa hivyo ndivyo chakula kile kilivyokuwa tangu na tangu.

Katika nyumba moja ya Maskati, mji mkuu wa Oman, kilikuwapo chakula cha namna hiyo. Kilipikwa mara mbili kwa mwaka, asubuhi ya Mfunguo Mosi na asubuhi ya Mfunguo Tatu. Jina lake lilikuwa bokoboko, nacho kilipikwa kwa mchele.

Msomaji wa Unguja au wa Pemba atashangaa hapo. Bokoboko alijualo yeye ni la ngano: ngano iliyotwangwa ikatoka kumbi, ikarowekwa usiku kucha, kisha ikachemshwa pamoja na nyama ya mifupa, tangawizi, mdalasini na pilipili manga, ikasongwa kwa mwiko saa baada ya saa mpaka nyama na nafaka vikawa kitu kimoja, halafu likapakuliwa na kumiminiwa samli. Ni chakula cha Arabuni kilichovuka bahari. Kule kinaitwa harisi, kutokana na neno lenye maana ya kuponda, na mapishi yake yamo katika kitabu cha upishi kilichoandikwa Baghdad na Ibn Sayyar al-Warraq katika karne ya 10. Mwaka 2023 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, kwa ombi la pamoja la Oman, Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu. Katika safari hiyo yote ndefu, ngano ndiyo iliyokuwa mwili wa chakula chenyewe.

Mama wa nyumba ile ya Maskati alizaliwa Unguja mwaka 1946, katika mtaa mmoja wa Ng'ambo. Mwaka 1973 alipata ruhusa ya kusafiri, akamfuata mumewe aliyekuwa ametangulia. Ndani ya sanduku lake, chini ya kanga, mlikuwa na mbuzi ya kukunia nazi na mwiko mrefu aliopewa na mama yake. Mwiko huo ulikuwa umelika upande mmoja kwa miaka mingi ya kusugua tako la chungu, hata ncha yake ikawa mshazari kama ulimi wa kalamu ya mwanzi.

Watu walisema amerudi kwao. Babu wa baba yake alitoka Oman katika enzi za Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala hadi mwaka 1856, wakati pande mbili za bahari zilipokuwa chini ya mfalme mmoja. Mwaka 1861 tawala hizo zilitenganishwa, na kizazi baada ya kizazi watu wake wakazaliwa, wakaoana na wakazikwa Unguja. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka tarehe 23 Julai 1970, Waomani waliokuwa nchi za nje waliitwa warejee kuijenga nchi, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na shule rasmi 3 tu. Wengi waliotoka Unguja, Pemba na mrima waliitika, wakawa walimu, wauguzi na makarani.

Lakini neno "kurudi" lina uzito wake. Mtu hurudije mahali ambapo unyayo wake haujapakanyaga? Kiarabu alichokuwa nacho kilikuwa cha msahafu na cha sala, si cha kununulia vitunguu. Katika soko la Matrah, karibu na bandari, alinunua kwa kuonyesha kidole. Majirani walimwita Mzinjibari, kwa wema kabisa, kama vile kule Unguja walivyokuwa wakimwita Mwarabu. Alizaliwa Ng'ambo, akaenda kuishi ng'ambo, na pande zote mbili jina lake likawa jina la upande wa pili.

Kitu pekee kisichohitaji mkalimani kilikuwa jiko. Hata huko mambo hayakuwa mepesi. Samaki walikuwa walewale, nguru na jodari na papa mkavu, kwa kuwa bahari ni moja. Iliki, karafuu na uzile vilikuwapo. Shida ilikuwa nazi. Minazi ya Oman iko Salalah, kusini kabisa, ambako mvua za kusi hunyesha na ardhi hugeuka kijani. Na kutoka huko hadi Maskati ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,000. Nazi za Matrah zilitoka Bara Hindi, kavu, na tui lake halikuwa na nguvu. Akajifunza kuzikuna laini zaidi, kutumia maji ya vuguvugu na kukamua mara moja tu bila ya kungoja tui la pili. Baadaye yalipoingia makopo ya tui akajifunza hayo pia, na kila alipofungua kopo alilionja kwanza kwa ncha ya ulimi, kama mtu anayemsikiliza mgeni kabla ya kumkaribisha.

Kila mfasiri anaijua kazi hiyo. Neno la lugha moja halipatikani katika lugha ya pili, nawe huna budi kutafuta litakalosimama mahali pake bila ya kuangusha nyumba nzima. Lakini ngano haikuwa neno lililokosekana Maskati. Ilijaa tele madukani, na katika vijiji vya bara ya Oman ililimwa kwa maji ya mifereji ya kale iitwayo falaji. Hapo ndipo penye fumbo la chakula kile. Mama yule alikuwa amefika katika nchi ya asili ya harisi, nchi yenye ngano, naye akaendelea kupika bokoboko lake kwa mchele.

Sikukuu ya kwanza alipeleka sahani kwa jirani, imefunikwa kawa. Jirani alipofunua alifurahi, akasema: "Arsiya!" Kwa kuwa Waomani nao wana chakula cha mchele uliopondwa pamoja na nyama, ambacho huliwa sikukuu kwa mchuzi mzito uitwao tursha, nacho ndicho arsiya. Mama akatikisa kichwa, akasema: "Bokoboko." Jirani akatabasamu na kusema tena: "Arsiya." Wakaachiana hapo, kila mmoja na jina lake, na sahani ikarudi imejaa tende.

Binti yake alizaliwa Maskati mwaka 1978. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, kama kilivyo cha wengi wa rika lake. Alijua upawa, kifumbu, kinu na mchi. Alijua tofauti ya kuchemsha, kutokosa na kuunguliza. Alijua kuwa machicha hayatupwi, hupewa kuku hata pasipo na kuku. Lakini hakujua kwa Kiswahili maneno ya ofisini wala ya hospitali, na hesabu alihesabu kwa Kiarabu. Kadiri alivyokua ndivyo lugha ile ilivyozidi kurudi nyuma mpaka ikafika mlango wa jiko, ikasimama hapo.

Kupika alijifunza kwa kutazama. Alipouliza vipimo alijibiwa "kiasi", na alipouliza kiasi gani alijibiwa "mpaka likubali". Unga hukubali, mchuzi hukubali, na bokoboko hukubali pale mwiko unapoinuliwa na kile kilichonata kikaanguka kwa uzito wake, polepole, pasipo kukatika. Mshairi huambiwa kuwa shairi lina mizani kumi na sita katika mshororo, akazihesabu kwa vidole mwaka mzima, kisha siku moja vidole vikaacha kuhesabu na sikio likajua lenyewe. Binti naye alifika huko akiwa na miaka kumi na minne. Mama alionja, akanyamaza, akampa mwiko.

Tangu hapo bokoboko la mchele likawa bendera yake. Shuleni, wenzake walipomtania kwa lafudhi ya mama yake, yeye alijibu kwa chakula: nyinyi mnapika kwa ngano, sisi watu wa Unguja tunapika kwa mchele. Hajapata kuiona Unguja, lakini alikuwa na hoja yake, nayo ilikuwa ya kuonjeka. Alipoolewa na kijana wa bara ya Oman, sikukuu ya kwanza mama mkwe wake alimkaribisha jikoni asonge harisi ya ngano ya shamba lao. Alikataa kwa adabu. "Kwetu Unguja ni mchele," alisema. Mkwewe hakusema kitu, ila miaka mingi haikurudiwa karibu hiyo.

Mwaka 2007 alikwenda Unguja kwa mara ya kwanza, akafikia kwa mama yake mdogo, katika nyumba ileile ya Ng'ambo. Ilikuwa siku chache kabla ya Mfunguo Mosi. Usiku wa kuamkia sikukuu aliamshwa na harufu ya mdalasini, akatoka uani. Mama mdogo alikuwa ameketi juu ya kibao mbele ya mafiga, sufuria kubwa inatokota. Binti alipiga magoti kando yake, akaangalia ndani.

"Mama mdogo, hii si ngano?"

"Ulitaka iwe nini, mwanangu?"

"Nimedhani tunapika kwa mchele. Mama anapika kwa mchele. Siku zote."

Mama mdogo alicheka kwanza, kicheko cha mtu aliyesikia jambo la kitoto. Kisha kicheko kikamkauka. Akausimamisha mwiko, akamtazama yule binti kwa mwanga wa moto.

"Mpaka leo?" akauliza. "Lile lilikuwa la miaka ya shida. Sisi tuliliacha ngano ilipopatikana. Hata sikumbuki mara ya mwisho." Halafu, baada ya kimya kirefu: "Kamuulize mama yako. Si langu kulisema."

Asubuhi walikula. Lilikuwa bokoboko zuri, na kila kijiko kilimwia kigumu kumeza. Jioni alipelekwa Mnazi Mmoja kuwaona watoto wakicheza katika nguo zao mpya, akatabasamu palipotakiwa kutabasamu. Moyoni alikuwa akihesabu sikukuu. Miaka mingapi amesimama mbele ya watu akisema "kwetu Unguja"? Na Unguja yenyewe, ilipomtazama kwa macho ya mama yake mdogo, haikuitambua hiyo "kwetu" yake. Mtu aliye mbali na nchi ya wazee wake hana vingi vya kuonyesha kuwa ni wao. Yeye alikuwa na kimoja, nacho kimetanguka.

Aliporudi Maskati alimkuta mama yake anachagua mchele kwenye ungo. Akamweleza. Mama hakuinua uso; vidole viliendelea kusogeza chembe na kutoa mawe, ingawa mchele wa siku hizi hauna mawe. Siku ile hakusema kitu. Alisema siku ya tatu, tena kwa vipande.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vyakula vya kutoka nje vilipungua sana Unguja. Mchele, sukari na unga vilipatikana kwa mgao, na watu walipanga foleni. Wengi walikula muhogo, ndizi na shelisheli. Ngano haioti Unguja, kwa hiyo meli isipoileta hakuna. Mpunga angalau hulimwa mabondeni, kama vile Cheju. Bibi, mama yake mama, alikuwa na kaka mwenye jaluba dogo la mpunga, na kabla ya sikukuu ya mwaka mmoja kaka huyo alileta pishi mbili. Ndani ya nyumba mlikuwa na kuku mmoja mzee aliyekwisha kuacha kutaga.

Bibi aliutwanga mpunga, kisha akaupaaza mchele kidogo ili chembe zikatike zifanane na ngano. Akapika usiku kucha juu ya moto mdogo, ingawa mchele hauhitaji usiku kucha, kwa sababu bokoboko hupikwa usiku kucha. Alfajiri akapakua. Nyumba saba zilizokuwa zikipelekewa sahani kila mwaka zilipelekewa mwaka ule pia, kila moja tonge chache tu katikati ya sahani pana, na samli ya kupaka kwa ncha ya kidole. Mmoja wa watoto alionja akasema: "Hili si bokoboko." Bibi akamjibu: "Leo ndilo hili."

Likaendelea kuwa hilo sikukuu zilizofuata, mpaka mama alipoondoka. Hakumwona tena mama yake. Mwaka 1979 ilikuja simu ya maandishi, siku nne baada ya maziko. Ilipofika, stoo ya nyumba ile ya Maskati ilikuwa na gunia zima la ngano.

"Ngano niliiona Matrah siku ya kwanza niliyofika," mama alisema. "Magunia kwa magunia. Nilisimama mbele yake nikalia, mwenye duka akadhani sina pesa. Ningeipikaje? Mama yangu yuko kule anapaaza mchele. Nikasema nitapika ya ngano siku naye akiipata. Kisha alipokufa, sikujua tena kama aliwahi kuipata."

Binti alimwuliza kwa nini hakuwaambia miaka yote ile.

"Ningekwambieni nini? Kwamba kulikuwa na njaa? Mngeichukia Unguja kabla hamjaiona. Nimeona afadhali muijue kwa chakula chake."

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Mwiko ni kijiti cha kusongea, na mwiko ni jambo ambalo mtu hujikataza. Watoto wa nyumba ile waliuona mwiko wa kwanza kila sikukuu, umelika upande mmoja, unazunguka chunguni. Wa pili hawakuuona hata siku moja, na huo ndio uliokuwa ukipika.

Ni rahisi kusema kuwa wanaoishi ugenini huhifadhi mapishi ya kwao. Husemwa mara nyingi, na si uongo. Chakula huvuka bahari na kurudi: leo mishikaki inachomwa kando ya barabara za Oman kwa jina la mishkak, na maandazi yanaliwa na watu wasiojua kuwa yana asili ya pwani ya pili. Lakini kinachohifadhiwa si nchi nzima. Aliyeondoka hubeba nchi kama ilivyokuwa siku aliyoifunga sanduku, pamoja na uhaba wa siku ile, na huendelea kuipika hivyo hata baada ya walioachwa nyuma kupata nafuu na kusahau. Anayetafuta katika chakula kile ladha ya taifa hudanganyika kwa urahisi. Mle chunguni mna mtu mmoja tu, katika mwaka mmoja, aliyekataa sikukuu ipite bure.

Sikukuu iliyofuata binti yule aliingia jikoni kwa mama mkwe wake kabla ya kuitwa. Alisonga harisi ya ngano mpaka mabega yakamuuma. Kisha akaomba nafasi ya sufuria ya pili, akaweka mchele aliokwisha kuupaaza. Mkwewe alimtazama, akangoja asikie yale maneno ya kila mwaka.

"Hili ni la bibi yangu," binti alisema.

Hakusema "kwetu Unguja". Hajayasema tena tangu siku ile. Akasimulia, kwa Kiarabu, habari za pishi mbili, kuku mzee na nyumba saba. Mkwewe alisikiliza hadi mwisho, akauliza jina la bibi huyo, na alipotajiwa akalirudia mara mbili ili alishike, akamwombea rehema. Kisha akachukua mwiko akasonga.

Mama sasa anakaribia miaka themanini. Mikono inatetemeka na hawezi tena kusonga. Usiku wa kuamkia sikukuu huwekewa kiti kwenye mlango wa jiko, miguu imefunikwa kanga, naye huangalia. Anayesonga ni mjukuu, msichana wa miaka kumi na mitano, ambaye Kiswahili hukisikia na kukielewa lakini hujibu kwa Kiarabu. Shuleni akiulizwa kinachopikwa kwao husema arsiya, kwa kuwa ndilo jina ambalo wenzake wanalijua. Nyumbani husema bokoboko. Mwiko ni uleule, umelika zaidi.

Bibi huuliza kila baada ya muda, kwa sauti ndogo, kama limekubali. Mjukuu huinua mwiko juu ya mvuke, akatazama namna linavyoanguka. Mengine yote huyasema kwa lugha ya shuleni. Hili hulijibu kama alivyoulizwa.

"Bado, bibi. Halijakubali."